Moshi wa Mrina Asali

Upepo wa Singida haubishi hodi. Huteremka baina ya majabali ya mji ule, yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga kisha akaghairi, ukapita juu ya maji ya chumvi ya Ziwa Kindai, ukachukua kila kisichoshikwa. Na kwa sababu hiyo karatasi ambayo ndiyo asili ya mjadala huu ilibidi iwekewe mawe manne, moja katika kila pembe, kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Ilikuwa karatasi ya kaki, vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, urefu wake mtu mzima na ziada ya shibiri moja, na juu yake ulichorwa kwa mkaa mwili wa binadamu, mikono imeachana na mbavu, nyayo zimeelekea nje, na uso haukutiwa macho wala kinywa, maana mchoraji alitaka kila atazamaye auone uso wake mwenyewe.

Watu watano waliouzunguka mwili huo nimewaketisha mimi, wala siwapi majina. Nitawaita kwa kazi zao, na wote ni wa kitongoji kimoja nje kidogo ya mji. Yuko Muuguzi, binti wa zahanati, ambaye ndiye aliyechora. Yuko Mwalimu, aliyefundisha elimu ya viumbe kwa miaka mingi, na ambaye kustaafu hakukumwondolea desturi ya kusahihisha. Yuko Mrina Asali, mzee aliyejifunza kazi hiyo katika vichaka vya Itigi, ambako miti imeshonana hata jua hupata taabu kufika chini, akahamia huku kwa wakweze na kuongeza kilimo cha alizeti juu ya nyuki. Na alizeti ndiyo iliyomkosesha usingizi. Yuko Maalimu wa chuo cha Kurani. Yuko na Mkunga, bibi wa Kinyaturu aliyepokea watoto wengi kuliko anaoweza kuwakumbuka. Maneno niliyowatia vinywani si yangu yote: mtu mwenye subira huyasikia kila siku katika mabenchi ya kungojea kupimwa.

Hoja ilikuwa hii: je, kumwonyesha mtu kwa picha mwili wake ulivyo ndani kunamsaidia kuifahamu dhiki iliyomshika, na kusadiki kwamba kutulia na kutaamali kuna faida kwa siha yake, au picha ni njia nyingine tu ya kumpumbaza?

MUUGUZI: Shikamooni wazee wangu. Kila juma hunijia watu ambao ugonjwa wao hauna mahali pa kuandikwa katika daftari langu. Mmoja husema moyo unamwenda mbio hali ameketi. Mwingine ana tumbo joto tangu mvua zilipokatika. Wa aghalabu ni yule asemaye ana presha, nami nikimfunga kitambaa cha kipimo mkononi naikuta presha yake ni ya kijana wa kucheza mpira. Nikizidi kuwauliza, wote huishia katika neno moja: mawazo. Na mtu akikiri mbele ya watu kwamba ana mawazo mengi, hakosekani wa kumwuliza kwa mzaha ni lini atapanda basi la Dodoma kwenda Mirembe. Basi hunyamaza, akaimeza fadhaa yake, akarudi nyumbani na maradhi yasiyopimika. Nimewaeleza kwa maneno, sikufaulu. Ndipo nilipotwaa mkaa, kwa kuwa nilisikia habari za wanawake wa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, ambao mwaka 2002, wakati dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipokuwa adimu kwa maskini, walijilaza juu ya karatasi, wakazungushiwa kalamu, kisha kila mmoja akaujaza mwili wake kwa rangi: hapa pana maumivu, hapa pana hofu, hapa pana nguvu iliyosalia. Aliyekuwa hawezi kusema aliweza kuchora.

MKUNGA: Marahaba mwanangu. Chora basi, tuone.

MUUGUZI: Tazameni hapa, ndani ya ubongo, usawa wa masikio. Pana viini viwili vidogo mfano wa lozi, kimoja kila upande, na moja ya kazi zao ni kunusa hatari. Vikishtuka havingoji akili imalize kutoa hukumu. Habari huteremka kwa njia ya neva za uti wa mgongo mpaka hapa, ambapo kila figo imevaa tezi kama kofia iliyolala upande, uzito wake gramu 4 au 5 tu. Tezi hiyo humimina adrenalini katika damu, na mara moyo huongeza mapigo. Mishipa ya tumbo hubana ili damu iende kwenye mapaja na mikono, ndiyo maana tumbo hukosa raha. Ini huachia sukari yake. Mboni za macho hupanuka. Jasho hutoka kabla ya kazi kuanza. Baada ya dakika kadhaa hufuata mjumbe wa pili, jina lake kotisoli, mwendo wake wa polepole lakini akifika hukaa. Walter Cannon wa chuo cha Harvard aliandika kitabu juu ya mambo haya mwaka 1915, akaonyesha kwamba mwili hapo unajitayarisha ama kupigana ama kukimbia. Hakuna laana hapo, wala wazimu, wala udhaifu wa imani. Mwili wako umekusimamishia mlinzi.

MKUNGA: Huyo Cannon katuandikia yale tuyasemayo bila kwenda chuo. Mwenye hofu tumesema roho yake i juu juu. Mwenye huzuni moyo wake mzito. Aliyepata habari mbaya maini yamemkatika. Mlikuwa mkidhani ni maneno ya pambo? Hata huo mnaouita msongo wa mawazo sisi wanawake tunaufahamu tangu jikoni, maana neno lenyewe linatoka katika kusonga. Tofauti ni kwamba ugali husongwa ukaiva ukapakuliwa. Mtu husongwa pasipo kupakuliwa.

Walicheka wote, ila Mrina, ambaye alikuwa akizitazama tezi za juu ya figo kwa jicho la mtu anayekagua mzinga wa jirani.

MWALIMU: Bibi amesema kweli, na ukweli wake una ithibati hata nje ya lugha yetu. Mwaka 2014 wataalamu wa Ufini walichapisha uchunguzi wa watu 701, wakiwamo Wafini, Waswidi na watu wa Taiwan, ambao walipewa mfano wa mwili mtupu kama huu, wakaambiwa wapake rangi pale wanapohisi mwili unazidi au unapungua nguvu kwa kila hisia. Hasira ilijaa kifuani na mikononi; huzuni iliilegeza miguu; furaha iliuwasha mwili wote. Na watu hao, ambao hawasemi lugha moja wala hawali chakula kimoja, walipaka rangi kwa namna zinazofanana sana. Wala mchoro si jambo la jana. Mwishoni mwa karne ya 14, tabibu mmoja wa Shiraz, Mansur ibn Ilyas, alitunga kitabu cha tashrihi chenye sura za mwili mzima, mishipa na neva na mifupa, na mtu wake alimchora amechuchumaa, magoti yamepanuka, kama mzee wetu hapa. Natamani watu wa pwani, ambao hawachoki kutuambia kwamba babu zao walitoka Shiraz, wangetuletea na kitabu hicho pamoja na nasaba.

MUUGUZI: Basi Mwalimu uko upande wangu.

MWALIMU: Ngoja. Nimesifu mchoro wa mkaa. Mashine ya picha ni jambo jingine. Maana leo mtu hatuonyeshi tena mkaa. Hutuonyesha ubongo uliopigwa picha kwa sumaku, sehemu moja nyekundu kama kaa la moto, akasema: huyu hutaamali kila siku, tazama ubongo wake unavyong'aa. Nina kisa cha jambo hilo. Wataalamu wa Marekani walinunua samaki aina ya samoni, amekufa kabisa, wakamlaza ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu, wakamwomba akadirie watu hao wanahisi nini. Kisha wakafanya hesabu kwa ulegevu ule uliokuwa umezoeleka, na picha ikaonyesha nukta nyekundu ndani ya kichwa cha maiti wa samaki. Waliitangaza habari hiyo mwaka 2009, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya mzaha inayoitwa Ig Nobel. Hawakuwa wakisema kwamba samaki anafikiri. Walikuwa wakituonya kwamba mashine ikiulizwa maswali maelfu kwa mkupuo haikosi kujibu ndiyo mahali fulani. Na katika jambo letu hili, mwaka 2011 ilivuma habari kwamba majuma manane ya mafunzo ya utulivu huongeza nyama ya ubongo. Ulipofanywa uchunguzi mpana na makini zaidi, ukatoka mwaka 2022, ongezeko hilo halikuonekana. Binti yangu, picha hushawishi kuliko burhani. Usimpe mgonjwa rangi mahali pa dalili.

MUUGUZI: Nami sikuchora ubongo unaong'aa. Nimechora moyo, tumbo na mapafu, vitu ambavyo mtu anavishika kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa Maalimu, ambaye mpaka saa ile alikuwa akizisukuma punje za tasbihi pasipo haraka, alikohoa kidogo, nao wakampisha.

MAALIMU: Mimi nina neno juu ya neno. Nimewasikia vijana wakiiita kazi hii ya kufumba macho na kuhesabu pumzi kwa jina la tahajudi, nami huumia, kwa sababu tahajudi ni sala ya usiku, mtu anapokatiza usingizi wake akasimama mbele ya Mola wake wakati watu wamelala. Haina muradi wa kushusha presha. Ikishuka, ni hisani, si makusudio. Mkitaka jina, taamuli lipo, tafakuri ipo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitengea tafakuri kitabu kizima katika Ihya yake. Sikatai kwamba mwili hunufaika. Nakataa tu kwamba mtu aichukue ibada, aikamue, ainywe maji yake, kisha atupe ganda.

MWALIMU: Maalimu, mwili hauna habari ya jina. Mwaka 2001 tabibu wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake waliwapima watu 23 wakisoma rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakikariri maneno ya ibada ya Kibudha. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika; hawa, katika ibada zote mbili, walishuka hadi karibu mara 6, na mapigo ya moyo yakaanza kupanda na kushuka kwa mpango mmoja na pumzi. Salamu Maria ikigawanywa, nusu ya kiongozi na nusu ya waitikiaji, mzunguko wake ni takriban sekunde 10. Herbert Benson wa Harvard naye alikwisha kuandika mwaka 1975 kwamba mwili una njia ya kutulia iliyo kinyume cha ile ya kushtuka, na kwamba dini nyingi zimeijua njia hiyo kwa kukariri neno moja.

MKUNGA: Mimi ni mtu wa Makiungu, na rozari yangu hii hapa kiunoni. Marehemu mama aliisoma usiku akilala katikati yake. Kumbe alikuwa akitaamali kwa Kilatini! Lakini mimi sikujifunza pumzi kanisani. Nimejifunza kitandani kwa wazazi. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza huvuta pumzi fupi fupi za juu, akakakamaa mabega, akanishika mkono akitaka kuuvunja. Nikimwambia tulia, hatulii. Nani alipata kutulia kwa kuamrishwa? Basi simwambii tulia. Namwambia: toa pumzi. Itoe yote, kama mtu anayepoza uji. Kuivuta kutakuja kwenyewe. Na hapo mabega hushuka.

MUUGUZI: Hapo hapo, Bibi! Nami ndipo ninapotaka kuchora. Kuna neva ndefu, iitwayo vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni, ikaushika moyo, ikateremka hadi matumboni. Hiyo ndiyo lijamu ya moyo. Tukivuta pumzi, lijamu hulegea na moyo huongeza mwendo kidogo. Tukitoa pumzi, lijamu hukazwa na moyo hupunguza. Kwa hiyo anayeirefusha pumzi ya kutoka anauvuta moyo wake nyuma kwa mkono ambao hakujua kwamba anao. Wekeni vidole hapa, chini ya kidole gumba. Msinisadiki mimi, hesabuni.

Walihesabu. Ni vigumu kueleza mandhari ile kwa mtu asiyeiona: wazee wanne chini ya jabali, kila mmoja amejishika kifundo cha mkono kama aliyejikamata wizini, wametoa macho, na heroe wachache wamesimama kwa mguu mmoja majini kana kwamba nao wamepewa zoezi. Baada ya muda Muuguzi aliushika mkono wa Mrina Asali, akauhesabu kwa saa yake, akasema mapigo yamepungua.

MRINA ASALI: Yamepungua kwa sababu nimekaa chini. Nilikuja kwa miguu.

MWALIMU: Hiyo ndiyo hoja ya kisayansi iliyo bora kuliko zote zilizosemwa leo.

MRINA ASALI: Nami nina nyingine. Nimesikiliza, sina ubishi juu ya tezi wala kofia zake. Lakini, binti yangu, nimerina asali tangu sijaota ndevu, na haya yote uliyoyachora nimeyaona mzingani. Nyuki mmoja akiuma, pale alipouma huacha harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ni mbiu ya mgambo: wenzake wote walio karibu huja kushambulia hapo hapo. Hapa Singida tunasimuliwa habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, kwamba jeshi lake lilikuwa nyuki, na hata uwanja wa mpira umepewa jina lake. Sasa mrina hufanyaje mbele ya jeshi la namna hiyo? Hupuliza moshi. Moshi huifunika ile harufu, mbiu isisikike. Tena nyuki, wakidhani pori linaungua, hukimbilia kujaza matumbo asali ili wahame nayo, na aliyeshiba hana haraka ya kupigana. Basi wanatulia. Ukiwatazama utasema, ajabu ya amani! Nami nauliza, amani hiyo ni ya nani? Moshi ni wa mrina, si wa nyuki. Wakiisha tulia, nawachukulia asali yao.

Hakuna aliyejibu mara moja. Mimi mwenyewe, niliyemtungia maneno hayo, nilikaa nayo siku mbili pasipo kumpata wa kumjibu.

MRINA ASALI: Mwaka bei ya alizeti ilipoanguka nilikuwa na magunia ghalani, na deni la mbegu, na deni la trekta. Usiku nahesabu. Nikimaliza naanza tena, kana kwamba hesabu itaniona haya ibadilike. Sasa mnaniambia nikae, nifumbe macho, nitoe pumzi kama mtu anayepoza uji. Vema. Anayenidai atafurahi sana nikitulia. Umeuchora mwili wangu vizuri, mwanangu, lakini katika karatasi yote hii sikuona mahali ulipoandika bei ya alizeti.

MWALIMU: Mzee, wako nyani watakaokutolea ushahidi. Mmarekani mmoja, Robert Sapolsky, alianza mwaka 1978 kuwafuata nyani wa mbugani huko Kenya, akiwapulizia vishale vya dawa ya usingizi ili apate damu yao. Aliona kwamba wanyonge wa kundi, wanaopigwa na kunyang'anywa kila siku, aghalabu ndio wenye kotisoli nyingi. Kisha katikati ya miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakulipanga. Madume wakorofi wa kundi moja walikuwa wakienda kupigania mabaki ya chakula katika jaa la hoteli ya watalii. Nyama yenye kifua kikuu ikawaua. Wakabaki madume wapole na majike. Kundi likabadilika: ugomvi ukapungua, kuchambuana manyoya kukazidi, na wanyonge hawakuonyesha tena zile alama za dhiki mwilini. Hata madume wageni waliohamia baadaye walishika desturi hiyo ya upole. Hakuna aliyewafundisha kufumba macho. Kilichoondoka ni wakorofi. Na kuhusu taamuli yenyewe, mwaka 2014 madaktari wa Marekani walikusanya majaribio 47 yaliyohusu watu 3,515, wakahukumu kwamba inaleta nafuu ya kiasi kwa wahka, sonona na maumivu, lakini hawakuona ithibati kwamba inapita mazoezi ya viungo au dawa. Nafuu ya kiasi, mabibi na mabwana. Si haba, wala si muujiza.

MUUGUZI: Mzee wangu, sitakudanganya kwamba nikilichora deni lako litafutika. Huenda nilikosea kuuchora mwili peke yake juu ya karatasi, bila shamba, bila duka, bila mtu. Lakini sikubali kwamba moshi wote ni wa mrina. Nyuki hana mkono wa kuushika moshi, wewe unao. Nikija mimi, au tajiri wa kampuni, nikakufukiza ili usidai haki yako, nikatae. Ukijifukiza mwenyewe, kwa saa unayoitaka, ili upate akili ya kwenda kudai, nani kakuibia? Sikiliza habari ya mlinzi. Hans Selye, aliyekuwa Montreal, aliandika mwaka 1936 juu ya panya aliowatesa kwa baridi, kwa kazi ya kupita kiasi, kwa sumu za namna mbalimbali. Mateso yalitofautiana, lakini ndani ya miili yao alikuta mambo yale yale: tezi za juu ya figo zimevimba, tezi ya kifuani inayosaidia kinga imenywea, tumbo limefanya vidonda. Yule mlinzi niliyekuonyesha aliwekwa kwa ajili ya simba, na simba huja akaondoka. Deni haliondoki. Basi mlinzi hashuki, siku zote yuko na mkuki mkononi, na nyumba anayoilinda ndiyo inayoumia. Anayekudai hapungukiwi kitu kwa wewe kukesha.

MRINA ASALI: Nikilala, deni nalo linalala?

MUUGUZI: Halilali.

MRINA ASALI: Basi lazima mmoja awe macho.

Nakiri kwamba jibu hili lilimshinda Muuguzi, na aliyekuja kulichukua ni Mwalimu, kwa njia ya mbali, kama ilivyo ada ya walimu.

MWALIMU: Mmoja, ndiyo. Lakini yupi? Mnawajua Wahadzabe, jirani zetu wa Munguli kule Mkalama, na ndugu zao walio kandokando ya Ziwa Eyasi. Uchunguzi uliotoka mwaka 2017 uliwavika watu wazima 33 wa kabila hilo vipimo vya usingizi mkononi kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Si dakika 18 kwa usiku. 18 kwa jumla. Wakati wowote mwingine yuko aliye macho, au amelala usingizi wa juu juu, au anachochea moto. Wala hawakupangiana zamu. Wazee hulala mapema wakaamka mapema, vijana huchelewa, na kwa tofauti hiyo tu kambi haikosi mlinzi. Ndiyo maana wanalala bila mlango.

MKUNGA: Hata kwetu zamani nyumba ilikuwa na bibi asiyelala. Siku hizi kila mtu ana ukuta wake na kufuli lake, akakesha peke yake ndani.

MRINA ASALI: Kwangu mimi ndiye niliye macho. Mke wangu hulala, wanangu wako Dar es Salaam. Nasikia mpaka panya akitembea darini.

MAALIMU: Saa ngapi, mzee mwenzangu?

MRINA ASALI: Huamka saa nane. Saa tisa ndiyo mbaya kuliko zote.

MAALIMU: Saa tisa mimi huwa macho. Siyo kwa ajili ya presha, nimekwisha kusema. Nimesimama mbele ya Mola wangu. Lakini taa yangu unaiona kutoka dirishani kwako. Ukiiona inawaka, jua zamu imeshikwa. Toa pumzi yako kama alivyosema Bibi, ulale.

MRINA ASALI: Na kabla ya saa tisa?

MKUNGA: Kabla ya saa tisa niko mimi. Watoto wa kitongoji hiki hawajapata kuzaliwa mchana.

Mrina Asali alicheka, mara ya kwanza jioni ile, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa. Muuguzi alikuwa amekwisha kuondoa jiwe moja ili aikunje karatasi kabla ya giza, na pembe yake ikaanza kupiga kelele katika upepo. Mzee akamzuia. Akaomba mkaa, akapiga magoti, akachora nje ya mwili, mbali kidogo na kichwa, kitu ambacho Mwalimu alidhani ni mzinga na Muuguzi alidhani ni jua. Alipoulizwa, alisema ni taa.